Ubeti wa Nne

Maalim Shee alihesabu kwa vidole,
gumba likigusa pingili moja baada ya moja
kama mtu anayevuta uradi,
na pangaboi la ofisi yake, juu ya duka la leso
Mtaa wa Biashara, likihesabu naye.
"Shairi zuri, Bi Mwanamkuu. Lugha imekaa.
Ila huu ubeti wa nne mizani imelegea.
Tuutoe."

Nami nikahesabu chini ya buibui, asione:
kumi na sita, kumi na sita,
kumi na sita, kumi na sita.
Msomaji, vidole unavyo. Hesabu:

   Dada alipoolewa, aliimba kwa furaha,
   Jino lilipong'olewa, alisema ni mzaha,
   Subira, tuliambiwa, huvuta kheri na raha,
   Mwosha alipofunuwa, hakuuliza jeraha.

Sikumbishia. Nalikuwa nimezoea.
Nilipokuwa na miaka kumi na tisa
shairi langu lilisomwa redioni
na mwanamume mwenye sauti ya asali,
kwa jina la kaka yangu Famau,
kwani jina la binti, alisema baba,
halitoki peke yake usiku.
Famau alipongezwa kwa kinyozi wiki nzima,
yeye asiyejua kina ni mdudu gani.
Akaniletea halua, robo kilo.
Niliila.
Ilikuwa tamu, na hilo ndilo sijalisamehe.

"Andika malezi," Maalim alisema akinisindikiza.
"Andika adabu, andika sifa za Mvita.
Kalamu ya mwanamke ni moto wa jikoni,
upikie, usiunguzie nyumba."
Jibu lilinijia ngazini, limechelewa, kama ada yake:
nyumba imekwisha kuungua, Maalim.
Mimi naandika majivu.

Nikautoa chapa ule ubeti peke yake
kwa kijana wa mashine pale Mwembe Tayari,
nakala arubaini, shilingi tano tano.
Fundi cherehani wa Kuze akazikunja ndani ya magauni.
Moja ilionekana kliniki, foleni ya chanjo.
Moja, nasikia, ilifungiwa kashata
ikasomwa kabla ya kashata kuliwa.

Na moja ikafika Guraya, kwa Bi Mashavu.

Alikuja Ijumaa, baada ya alasiri, bila hodi.
Alikataa kahawa.
Vidole vyake vilinukia kafuri,
navyo vilikuwa vimeshika karatasi yangu.
"Mimi sijui kusoma," alisema.
"Mjukuu ndiye alonisomea. Mara tatu.
Waandika kwamba sikuuliza.
Ulikuwamo chumbani, wewe?
Niliuliza. Nilimuuliza mkwewe,
nikamuuliza shangazi yako, aliyeshika kopo:
hili la ubavuni ni la nini?
Wakanambia, osha.
Maji yalikuwa yapoa.
Nikaosha."

Akaiweka karatasi juu ya jamvi,
akaipapasa ikanyooka, kama anyooshavyo sanda,
akavaa viatu vyake.

Mimi, niliyeibiwa jina kwa robo kilo ya halua,
nilikuwa nimemkata mtu swali lake
kwa ajili ya kina.
"Jeraha" lilinipendeza,
lilikaa vizuri chini ya "raha".
Hata dada sikumwita jina.
Zakia. Aliitwa Zakia.
Alipenda embe mbichi za pilipili
na hakuwa na subira hata kidogo.

Usiku ule umeme ulikatika mtaa mzima wa Kibokoni.
Nikawasha mshumaa, nikafuta mstari, nikaandika:

   Mwosha alipofunuwa, aliuliza, wakamwambia osha.

Hesabu tena, Maalim.
Safari hii mizani imeharibika kweli,
imemwagika nje ya mstari,
na kina kimeanguka.
Kesho nitapanda zile ngazi na ubeti wangu mkononi.
Ukiniambia umelegea
nitakusahihisha:
umezidi.
Na sipunguzi.